Kona ya Gidahuda

Jumamosi, Tlawi. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu saa nne.

Saa nne ndipo Emanueli alipopiga simu kutoka Balangdalalu. Ni mwenyekiti wa vijana wa bodaboda kule. Wanataka kufufua mashindano ya pikipiki tuliyokuwa tukifanya enzi za mashamba ya ngano ya serikali, na historia ya njia ile wanaiandika kwenye kibao.

"Shikamoo mzee. Eti ile kona kubwa ni Kona ya Gidahuda?"

"Marahaba. Njia yote niliichora mimi," nikamjibu. "Na kona ni yangu."

Akafurahi. Jumatatu wanapaka rangi, jina langu juu.

Sikudanganya. Nilikuwa dereva wa trekta, na baada ya mavuno bwana shamba aliniruhusu kupiga haro ya kusawazisha udongo juu ya mabua, mzunguko mmoja mpana, ili tushindane kwa pikipiki za kazini. Siku mbili nzima nilikula vumbi.

Gidahuda alikuwa mlinzi wa ghala tu. Hata pikipiki alijifunzia palepale. Lakini ardhi ile alichungia ng'ombe wa baba yake kabla haijawa ngano, alijua kila shimo. Misimu mitatu alinipita kwenye kona ileile, na misimu mitatu nikawa wa pili. Mchumba wangu, ambaye ndiye mke wangu mpaka leo, alimpigia vigelegele! Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Si ameshinda?"

Bado linaniuma.

Sasa niseme ambalo sikumwambia Emanueli. Kona mimi sikuitaka. Nilitaka mstari ulionyooka, na nilikuwa naelekea moja kwa moja kwenye tuta kubwa la udongo lililoota majani. Gidahuda akaja mbio kutoka ghalani, akasimama mbele ya trekta, mikono mitupu.

"Babu yangu amelala hapa," alisema. "Zunguka."

Nilimtukana. Nikapiga honi. Hakusogea. Nikakata usukani kwa hasira, na hiyo ndiyo kona yenyewe.

Makaburi mengine ya wazee wa ukoo wake yalishalimwa, ngano ikaota juu. Lile lipo mpaka leo kwa sababu yeye hakusogea.

Siku hizi Gidahuda macho hayaoni. Kibao hatakisoma, na sidhani kama kuna atakayemsomea. Kwa hiyo leo nimemshinda kwa mara ya kwanza, na mwenzangu hata hakuwepo uwanjani.

Ushindi gani huo?

Kesho nikitoka kanisani nitampigia Emanueli kabla hajafungua kopo la rangi. Nitamweleza habari ya babu na trekta, matusi yangu pia. Aandike Gidahuda juu, mimi chini yake. Wivu haujaisha, nisijidanganye. Hata kuandika hivi roho inaniuma.

Nitakuwa wa pili tena.