Wanataka Rosa Ajigonge Ndipo Wamlipie

Bi Shamsi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kibondo kabla sijafanya jambo la kujutia, naomba unisaidie kufikiri kwa sababu nyumbani sasa hivi wote tuna hasira.

Mtoto wetu Rosa ana miaka saba na ana usonji. Mume wangu Elisante ni mwalimu, alihamishiwa huku kutoka Same, na bima yake ya kazini ilikubali kumlipia Rosa miezi sita ya tiba ya tabia kwa dada Zuhra, ambaye zamani alifundisha watoto kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta na sasa ana kituo Kasulu, basi tukawa tunapanda basi kila wiki, na Rosa, aliyekuwa akishikwa na kiu anajigonga kichwa ukutani, akajifunza kuonyesha kikombe, siku hiyo nililia Bi Shamsi, sikuficha. Lakini unajua huku kwetu mtoto asiposalimia wakubwa anayeaibika ni mama, kanisani walikuwa wanasema nimemlea ovyo, kwa hiyo nikambana Zuhra aache kwanza mambo ya choo na kuvaa amfundishe salamu, mikono miwili na kuinama kidogo, Zuhra akasema, "Mama Rosa, salamu inaweza kusubiri," nikakataa, ikachukua miezi miwili.

Miezi sita ilipoisha watu wa bima wakatuita wamwone mtoto kabla ya kuongeza muda. Rosa akaingia, akawapa mikono miwili mmoja mmoja, akawaamkia kwa Kiha, "Mwakeye," nami nikavimba kichwa. Wakatazamana. Afisa mmoja akasema, "Mama, huyu mzima, ana adabu kuliko wangu. Kilichobaki ni malezi, na bima hailipii malezi." Wakafunga jalada, hata karatasi hawakunipa. Hii ni wiki ya tano haendi kwa Zuhra, kikombe haonyeshi tena, amerudia kujigonga.

Elisante amewasumbua mpaka wamekubali kumwona tena Jumatatu, na sasa anasema safari hii tumpeleke bila kula, tumpitishe kwenye mashine ya kusaga ambayo mlio wake anauogopa kuliko kitu chochote, akiingia ofisini anapiga kelele na kujigonga watajionea wenyewe. Nikamwambia mwanangu si maonyesho, akanijibu, "Basi endelea na salamu zako." Na ni kweli niliharibu mimi. Kumtesa sitaki, na kushindwa pia sitaki. Nifanye nini?

Odilia, Kibondo

Odilia, marahaba. Pole, halafu nikukaripie kidogo. Miezi miwili ya tiba uliitumia kuwanyamazisha watu wa kanisani, wakati mtoto hajui kuomba choo. Rosa akirudi kwa Zuhra, anzeni na choo, na wanaokusema waendelee kusema.

Elisante, najua gazeti hili hufika shuleni kwenu. Mwalimu mzima unapanga kumtisha mwanao ili afisa aridhike? Akishajua kwamba baba ndiye anayempeleka kwenye ule mlio, utamshika mkono tena lini? Kwenye mashine hamwendi.

Tena waliokosea zaidi ni wale wa ofisini. Mgonjwa wa presha aliyetulia kwa vidonge haambiwi amepona, arudishe vidonge. Rosa alisalimia kwa sababu alitibiwa. Hilo lisemeni kwa sauti, wala msiombe radhi.

Kesho nenda Kasulu, Zuhra akupe daftari lake: kikombe kilianza lini, kujigonga kulipungua lini. Wewe andika hizi wiki tano, siku kwa siku. Daktari aliyempima aandike kwamba tiba ya tabia ndiyo matibabu yake, na Zuhra mwenyewe aje. Jumatatu Rosa ale ashibe, mpite njia ya kimya. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Wakikataa, usinyanyuke kwenye kiti mpaka wakuandikie sababu, jina na sahihi, kwa sababu bila karatasi huna cha kupeleka kwa wakubwa wao. Wakikuambia urudi kesho, waambie utasubiri hapo hapo.

Na Rosa akitaka kusalimia, mwache asalimie, mikono yote miwili. Safari hii mwambie yule afisa amwitikie mtoto kwanza, kisha mfungue daftari.

Bi Shamsi