Kitanda cha Gari la Mikate

Busia, 4 Februari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu, sisi wazima. Macho yanaendeleaje? Dawa ya matone unaweka?

Jared amenunua gari kuukuu lililokuwa likibeba mikate, na tunaligeuza chumba cha kulala. Nilikuahidi kukupeleka kuona theluji ya milima ya Rwenzori kabla macho hayajazima, na sitaki ulale gesti. Jiko linakaa nyuma ya kiti cha dereva, vyombo juu yake, godoro lako kando. Kitanda changu na Jared kimejaza nyuma yote. Ukifungua mlango unakutana nacho. Wakati mwingine najilaza pale, nafumba macho, naona tumeamka mahali nisipopajua, ukungu umejaa kwenye nyasi, nawe unapuliza chai. Okurut wa boda atakuletea barua hii pamoja na picha ya kitanda.

Binti yako,
Kevina

Busia, 20 Machi 2025

Mama,

Salamu tena. Mbona kimya? Okurut anaapa alikupa bahasha mkononi, tena ukampa uji. Nikipiga simu, dada Justine anasema uko shambani. Macho yamezidi, au nimekukosea? Jared ameacha hata kupiga msumari.

Binti yako,
Kevina

Rubongi, 2 Aprili 2025

Mwanangu Kevina,

Tunamshukuru Mungu, tupo. Jicho la kushoto limezima, la kulia linajitahidi.

Haya sikutaka kuyasema kwenye simu, maana Justine huweka spika majirani wote wakasikia. Umenitumia picha ya kitanda cha mkwe wangu. Niliitazama vizuri kabla sijajua ni nini, kisha nikaifunika kwa sahani. Na sasa unataka nilale naye chini ya paa moja? Asubuhi akinipa chai nitamtazamaje? Utasema gari si nyumba. Lina mlango, lina jiko, lina kitanda. Mimi naona nyumba.

Theluji naiota, sikufichi. Juzi ilikuwa imelala juu ya paa la kanisa letu, nyeupe, na watu wote wananong'ona. Lakini aibu hii siiwezi. Nendeni ninyi, mtanisimulia.

Mama yako

Busia, 11 Aprili 2025

Mama,

Habari za hapo? Nisamehe. Nilijidanganya kwamba desturi haipandi gari.

Jared aliposikia, aliona haya, akaacha ugali mezani. Kesho yake alikikata kitanda kwa msumeno. Sasa kuna mabenchi mawili ya kando, moja lako, moja langu, na meza ya kukunja katikati. Yeye atalala nje kwenye hema. Kwanza alitaka kulifunga hema juu ya gari. Nikamuuliza kama anataka kulala juu ya kichwa cha mama mkwe, akacheka mwenyewe. Sasa litakaa mbali, hata mvua inyeshe. Picha situmi. Niambie tu kwamba unakuja.

Binti yako,
Kevina

Rubongi, 30 Juni 2025

Mwanangu Kevina,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu. Mwandiko ni wa Justine, maneno ni yangu.

Jicho la kulia nalo limezima. Asubuhi moja niliamka nikadhani Justine hajafungua madirisha. Nililia sana. Barua yako nilisomewa mara nyingi, nikashindwa kujibu, kwa sababu nilijiuliza kipofu anaendea nini theluji. Lakini naendelea kuiota, na kwenye ndoto naona vizuri tu.

Basi sikiliza. Kutoka mlangoni hadi benchi langu weka ufito wa kushika. Benchi liwe na ukingo nisianguke. Kikombe kiwe na mahali pake, mkono ukikitafuta ukikute. Na hema la mkwe wangu libaki mbali vilevile. Nimepoteza macho, sijapoteza adabu.

Kando ya kichwa changu nataka dirisha la kufunguka. Tukifika, lifungue, kisha unyamaze kidogo, baridi ya ile theluji inipate usoni. Baadaye utaniambia ni nyeupe kiasi gani.

Nimeshafunga mzigo.

Mama yako