Mtoto wa Sekinyaga

Iringa, Alhamisi

Vidole vinaniuma kwa kushona. Wenzangu wa kikundi cha maigizo wanasema vazi nilipeleke kwa fundi alipige cherehani, eti watazamaji hawataona. Mjane wa enzi za vita vya Wajerumani avae mshono wa cherehani? Sitaki.

Leo mchana nililitundika vazi lake mlangoni, kaniki tupu, bado halina pindo. Bibi akatoka jikoni, akasimama mbele yake. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Kamwene," akalisalimia kwa Kihehe. Akangoja kuitikiwa.

Nikacheka. "Bibi, hiyo ni nguo tu ya maigizo. Ya Sekinyaga."

"Namwona," akasema. "Mtoto wake amemwacha wapi?"

Sekinyaga hajawahi kuishi. Nilimtunga mimi, kwa ajili ya mchezo wetu. Mwanzoni nilimpa mtoto mgongoni, halafu nikamwondoa kabla sijamsomea mtu yeyote. Mtoto jukwaani ni usumbufu.

Bibi hajui kusoma. Na mimi sikumwambia.

Nimejaribu kusali, maneno hayakai. Kila nikifumba macho nauona mgongo ule mtupu.

Kipande cha kaniki kilichobaki kinatosha mbeleko. Nimeshatunga uzi kwenye sindano.