Simu ya Nyanya Haijaharibika

Kwa jamaa yote ya nyumba hii: nimeshinda vita. Kampuni yetu ya mtandao imefunga njia ya mchezo wangu, toleo jipya halishuki. Nilizima simu, nikaiwasha, nikafuta mchezo wote, bure. Kumbe kwa laini ya Burundi, ambayo huku Swima, ng'ambo ya ziwa, inakamata vizuri, limeshuka lote asubuhi hii.

Mama, maharage yako motoni, ongeza maji. Simu ya Nyanya isiyokamata mtandao tangu jana usiipeleke kwa fundi. ~~Imeingia baridi tu, iache juani kama nilivyomshauri Nyanya.~~

Hapana. Nimeyafuta hayo. Sasa hivi simu yangu imelia, nikapokea kwa sauti nzito ya padri: "Amani iwe kwako, binti."

"Itangishaka, acha mambo yako. Mupe Concilie simu."

Ni Nyanya Nibizi, dada yake Nyanya wetu Concilie, kutoka hospitali ya Rumonge, Burundi. Walimpasua jana, ameamka salama, na tangu jana anapiga bila kumpata. Na Nyanya wetu yuko kanisani anamlilia, akidhani kimya hiki ni kifo.

Ile laini ya Burundi ni ya Nyanya wetu. Niliichomoa kwenye simu yake jana akiwa anaoga, nikaitia kwenye yangu asubuhi hii. Nakimbia nayo kanisani. Nyanya, ukinitangulia kufika hapa: dada yako ni mzima, mwizi ni mimi.

Mjukuu wako