Kiondo cha Mama Mkwe

Jumatano, 13 Agosti 1986

Kola tu leo, kutwa nzima. Nyeupe, za gauni za kwaya. Gauni zenyewe za buluu ziko tayari, zimerundikwa kitandani, mimi na Njoki tunalala pembeni kama wageni. Harambee ya paa la kanisa ni Jumapili ya wiki ijayo na mgeni wa heshima ni mkubwa. Nikiharibu kazi hii, hakuna mtu hapa mtaani Huruma atanipa hata suruali nikate.

Baba Njoki anataka twende kwao Moi's Bridge kumsaidia mama yake kupiga maharagwe. Wakati mbaya sana. Nimekubali.

Jumapili, 17 Agosti

Tumerudi. Nina hasira.

Mama mkwe alinipa kitanda chake mwenyewe, yeye akalala chini na Njoki. Heshima kubwa. Lakini asubuhi ya kwanza mkono wangu ulikuwa na vipele vimejipanga mstari mmoja. Nikainua pembe ya godoro. Kunguni. Sikusema kitu. Unamwambiaje mama mkwe?

Mfuko wangu niliuhamisha haraka, nikautundika ghalani kwenye waya. Nguo za kuvaa nikazianika juani kila siku, na jua lenyewe la kubahatisha. Tulipofika hapa nilimvua Njoki mlangoni, nikavua na mimi. Zote ndani ya sufuria kubwa, jiko uani. Viatu nikavimwagia maji ya moto. Miguu ya kitanda nimeiweka kwenye mikebe ya mafuta taa. Baba Njoki alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Koti lake nililichemsha bila kumuuliza.

Mama mkwe alinijazia maharagwe mapya kwenye kiondo chake kizuri, kile chekundu alichosuka mwenyewe. Maharagwe yako kwenye debe. Kiondo kiko kwenye msumari juu ya cherehani. Cha mama mkwe hakikai chini, na lazima kirudi na kitu ndani.

Jumanne, 19 Agosti

Mvua. Nguo hazikauki.

Mama Chebet wa chumba cha pili alikuwa amesimama pale bombani. "Mama Njoki, hiyo sufuria kubwa ya juzi ilikuwa ya nini? Kuna sherehe na hujatuita?" Nikasema matope ya shamba. Akasema, "Na mikebe chini ya kitanda?" Kwa hivyo ameshaingiza macho ndani. Nikasema ni siafu.

Hakuamini. Hata mimi singeamini.

Jumatano, 20 Agosti

Mwalimu wa kike anayekaa Kiplombe alikuja kuchukua kitambaa chake cha sketi. Kabla sijakata. Eti amebadilisha mawazo. Alikikung'uta uani, mbele ya watu, kabla ya kukitia mfukoni.

Nimelia kidogo. Kisha nimeshona.

Jioni nikamweleza Baba Njoki wazi. Akasema kwa mama yake hakuna kunguni na hajawahi kuwaona tangu azaliwe. Nikamwonyesha mkono. Akasema ni mbu. Hatuongei. Anakula akitazama ukuta.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwona. Asubuhi, kweupe kabisa, juu ya kola nyeupe. Mdogo, wa rangi ya chai. Nikamponda kwa kidole na sasa kola ina doa.

Nilikaa tu. Nimechemsha kila kitu. Mpaka kitambaa cha kichwa. Halafu nikainua macho, nikaona kiondo. Wiki hii yote kimening'inia juu ya gauni za watu.

Nikakipeleka uani na kukifunua ukingo, pale kamba zinaporudi ndani. Wako humo, wamejipanga. Nilichemsha nguo zangu zote, kitu chake nikakiweka mahali pa heshima. Mjinga mimi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimechemsha kiondo. Wekundu wote umekimbilia majini. Kimetoka na rangi kama ya mapera yaliyooza, nusu pinki nusu kahawia. Baba Njoki alikiona kwenye kamba ya nguo.

Mama Wairimu, kiongozi wa kwaya, alikuja kuchukua gauni. Ningeweza kumpa. Zilikuwa zimekunjwa vizuri. Lakini gauni zile zinaingia nyumba nyingi sana. Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata kiondo.

Hakukaa. Alisimama mlangoni, ameshika sketi yake isiguse mahali. Kisha akasema, "Basi washa pasi. Nataka kuona."

Nikajaza makaa. Kila gauni, ndani na nje, kila mshono, kola, pindo, polepole mpaka kitambaa kinukie moto. Wawili walitoka kwenye pindo moja. Aliwaona. Mkono wangu umevimba. Ilipoisha aliinua gauni moja moja kwenye mwanga, akazifunga kwa shuka lake mwenyewe, akaenda.

Jumapili, 24 Agosti

Harambee. Watu wengi, hotuba ndefu. Kwaya iliimba vizuri, wanasema. Mimi sikusikia wimbo hata mmoja. Nilikuwa natazama shingo. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza alijikuna, nikainuka nusu kwenye benchi. Kumbe alikuwa anarekebisha kola tu.

Mama Wairimu alivaa gauni ya kwake mpaka mwisho. Nililiona hilo.

Jumamosi, 6 Septemba

Hakuna kitu. Nakagua kila asubuhi. Mwalimu wa Kiplombe hajarudi. Wengine wamerudi.

Leo mama mkwe amekuja kumwona Njoki. Nilikuwa nimeweka sukari na majani ya chai ndani ya kiondo. Nikampa kwa mikono miwili, macho chini. Alikigeuza. Akakipitisha kidole kwenye ukingo, mzima, mpaka kidole kikarudi kilipoanzia. Baba Njoki akaanza kukohoa.

"Umekichemsha," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Alirudi nje na mfuko wake, akautundika kwenye kamba ya nguo. Akavua sweta, akakitundika kitambaa cha kichwa kando yake. Kisha akasimama mlangoni bila kuingia, akaniomba leso ya kubadilisha.

Nikamletea. Baba Njoki alikuwa anatazama ukuta.

Nimeweka sufuria kubwa ya nguo zake kwenye jiko, uani, Mama Chebet akiona. Maji bado hayajachemka. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda karibu na moto, amejifunga leso yangu, anamchambulia Njoki maharagwe.