Mkuki Uliovuka Mto

Nakwa, Babati

Mdogo wangu mpendwa Alfonsi,

Amani ya Bwana ikae nawe na wote walalao chini ya paa lako. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka. Naomba radhi kwa kuchelewa kuijibu barua yako. Macho yananisumbua, na tangu shemeji yako alipofariki hakuna wa kunihimiza. Je, miguu ya Mama Yustina imepata nafuu? Kahawa imetoa maua? Mimi ni mzima, ila mahindi yamenyauka kwa jua.

Nakuandikia jambo ambalo bado linanistaajabisha. Tangu tuwe mkoa wetu wenyewe wa Manyara, shule zimeanza kuunda timu za riadha, na vijana hurusha mikuki ya mianzi katika uwanja ulio karibu nami. Mwalimu hawana. Husimamiwa na Mzee Amsi wa Bonga, askari mstaafu. Juzi nilimsikia akimwambia binti mmoja, "Wewe, unarusha kama unafukuza kuku."

"Basi rusha wewe, babu, tuone."

"Mimi sijui kurusha. Mimi nilirushiwa."

Nilipomwuliza maana yake, alinisimulia kwamba wakati wa vita vya Kagera yeye na wenzake walizuiwa na mto uliofurika, adui akiwa nyuma yao. Ng'ambo, askari mmoja mrefu, Mmatengo kama mimi aitwaye Alfonsi, alifunga kamba nyembamba kwenye mwanzi akaurusha. Ukaanguka majini. Akauvuta, akarusha tena, ukaanguka. Mara ya tatu ulivuka, ukachoma tope mbele ya Amsi. Kwa kamba ile walivuta kamba nene, wakavuka wote. Walimkuta yule mrefu ameketi chini, bega limeteguka, akiuliza kama kuna aliyebaki.

Mdogo wangu, nilijua mara moja kuwa ni wewe. Ulikuwa umekwisha kuchaguliwa kwenda kurusha mkuki ng'ambo kwa niaba ya taifa, jeshi likakuita. Uliporudi ulituambia bega liliumizwa na mizigo, na baba alifariki akiamini hivyo. Mimi sikupata kukuona ukirusha hata mara moja, kwa kuwa nilikuwa huku. Sasa nastaajabu kwamba mkono ule ni wa mtoto wa mama yangu.

Sikulaumu kwa kunyamaza. Najua pia kwamba tangu vita hutaki kukanyaga uwanja. Lakini watoto hawa hata kushika mkuki hawajui, na wanaumia. Uniwie radhi kwa kukusumbua: njoo ukae nami msimu mmoja, uwafundishe. Hutarusha, utasema tu. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Nisalimie dada yetu mkubwa, binti yako Yustina na mumewe, na katekista wetu mzee.

Barua hii anakuletea Mzee Amsi mwenyewe. Nilimwambia posta ipo, akanijibu kwamba posta haisubiri jibu. Yeye atakaa hapo kwako mpaka utoe neno, na kulima anajua.

Kaka yako,
Benedikto