Yungiyungi Ndani ya Meza ya Mahogani

Jumatatu, 3 Machi 1794

Tarehe za zamani, zilizofutwa na Mapinduzi — humu tu. Nikiziandika ofisini, nimekwisha.

Ghala limejaa samani za matajiri waliokimbia Paris. Kazi yangu ni kuziorodhesha na kuthibitisha kwa saini kwamba hazina alama ya mfalme. Leo meza ya kuandikia. Mahogani, miguu minne iliyonyooka yenye mifereji, ukingo wa shaba iliyopakwa dhahabu. Kifuniko chake kilichopinda, cha kusukumwa juu, kimekwama. Nikaikagua nje tu, nikaandika "hakuna alama", nikatia saini.

Kiti cha karani mwenzangu Thibaut bado kitupu. Tangu walinzi wamchukue, hakuna anayemtaja. Nimekula mkate nikikitazama.

Jumanne, 4 Machi

Kifuniko kimefunguka! Nilikisukuma kidogo tu, kikateleza. Ndani, katikati: yungiyungi la kifalme, ua la nembo ya mfalme, la mbao ya manjano, limepachikwa hivi kwamba ukucha haupati mwanya. Na orodha yangu imeshafika kwa mkaguzi, Raia Garrigue. Anakuja keshokutwa.

Nikalala chali chini ya meza. Wapagazi wakacheka — karani ameanza kujificha mapema! Nilikuwa natafuta jina la fundi. Zamani chama cha mafundi kiliwalazimu kuligonga kwa chuma mahali pasipoonekana. Nikalipata. WENDEL.

Jumatano, 5 Machi

Nimemkuta mtaa wa maseremala, anakunywa supu ya kabichi. "Bwana Wendel —" Mkewe akaniziba mdomo kwa aproni! "Sema Raia, wewe kijana! Unataka tukatwe vichwa?"

Nikamwomba Wendel aje alikwangue yungiyungi. Akanijibu:

"Nililipachika kwa miezi saba. Ukitaka kukwangua, anza na macho yangu."

Kisha akauliza nina ndugu gani hapa Paris. Sina. Akanivutia kiti. Supu! Tangu Desemba sijala na mtu.

Atakuja kesho. Atalilegeza kwa pasi ya moto na kitambaa kibichi, alitoe zima, apachike duara la mti wa peasi.

Alhamisi, 6 Machi

Alimaliza saa tatu asubuhi. Yungiyungi akanitia kiganjani: "Kalichome kwako." Nikalificha ndani ya soksi.

Garrigue akaingia — saa nzima kabla ya wakati! Akasifu kufuli. Akasifu droo zinazoteleza bila sauti. Kisha akaweka kiganja juu ya duara.

"Mbona mbao ina joto?"

Wendel akasema gundi ya zamani ilikuwa imeachia, ameirudishia.

"Nani alikuita?"

Wendel akanitazama mara moja tu. Akasema amejileta mwenyewe, alitamani kuiona kazi yake.

"Karani, ni kweli?"

Nikasema ndiyo.

Sasa Wendel yuko chumba cha pili na walinzi wawili. Mimi nimepewa karatasi niandike ushahidi. Daftari hili nimelificha chini yake. Ukuta ni mwembamba. Wanamuuliza kilichotolewa hapo katikati kiko wapi.

"Nimekitupa kwenye jiko la gundi."

Sauti yake imetulia kabisa. Soksi inanikwaruza kifundo cha mguu.

Nimeandika jina la Wendel. Baada ya jina, bado sijaandika neno. Garrigue anagonga mlango kwa fimbo — nimemaliza?